Aliyekutwika Ndiye Akutue

Ufunguo wa stoo nimeukabidhi Ijumaa, na mwenzenu aliyeupokea aliniuliza swali moja tu: lile sanduku zito mlilokuwa mkilisema liko wapi? Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akaangalia saa yake. Basi nimeamua kuiandika, aisome atakapopata nafasi, na ninyi wengine mnaobaki katika idara ya elimu ya makumbusho muisome pia. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema habari za kazi yenyewe: kuchukua vita vilivyokwisha zamani na kuvipeleka shuleni watoto wavishike kwa mikono.

Nilikuja Dodoma nikiwa mwalimu kutoka Njombe, nimezoea ukungu, mvua na njegere mbichi. Nikapewa chumba Makole, na wiki ya kwanza nzima nilikuwa nakung'uta vumbi kwenye shuka na kulia. Makumbusho yetu nayo hayakunitia moyo. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye paa la bati, makabati ya vioo yaliyopasuka, na mlinzi aliyelala mara nyingi kuliko tulivyopata wageni. Siku ya kuripoti nilivaa viatu vya kisigino na gauni la kitenge nililoshonewa na mama kwa ajili ya kazi mpya. Katika karakana ya nyuma nilimkuta mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua, amekaa juu ya sanduku anakunywa kahawa. Huyo ndiye Mzee Salehe, mtu wa Kondoa, fundi wetu wa maonyesho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayefundisha habari za vita?"

"Ndiyo, mzee. Nimesoma historia chuoni."

"Umewahi kubeba?"

"Kubeba nini?"

Akamalizia kahawa yake bila haraka. Akainuka, akakunja kipande cha khanga kuukuu akafanya kata, akaniwekea kichwani. Kisha akamwita mlinzi, wakaliinua lile sanduku alilokuwa amelikalia, wakanitwika. Shingo yangu ilizama mabegani. "Zunguka nyumba," akasema, kama anayenituma chumvi.

Nilizunguka. Kisigino kimoja kilikatika karibu na tangi la maji. Nilipofika tena mlangoni macho yalikuwa yamejaa machozi, nikataka kulitupa lile sanduku chini lipasuke. Mzee Salehe akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Usijitue! Aliyekutwika ndiye akutue." Wakanitua taratibu. Akanipa maji ya kunywa, akasema sasa naweza kwenda ofisini kuandikishwa. Nilimchukia mzee yule hadi saa ya chakula cha mchana.

Sanduku lile lilikuwa mzigo wa mpagazi, ratili sitini, yaani kama kilo ishirini na saba za leo. Katika Vita vya Kwanza, Mjerumani na Mwingereza walipofukuzana katika nchi hii, hakukuwa na magari ya kutosha, na punda walikufa kwa mbung'o. Wakabebeshwa watu. Walichukuliwa Wagogo, Warangi, Wanyamwezi, Wahehe na kila aliyekuwa na shingo, wabebe risasi na unga wa majeshi ya pande zote mbili. Wengi wao hawakurudi, wala hakuna aliyekuja kwao kusema wamelala wapi. Vitabu vya shule viliwapa mstari mmoja, na mwalimu mwenye haraka aliuruka.

Mzee Salehe hakuuruka. Sanduku lenyewe alilichongesha kwa fundi seremala wa Makole kwa kufuata kipimo cha lile la asili, ambalo lilikaa kabatini limefungwa na kufuli. Ndani alijaza chuma alichookota kando ya reli: nati, misumari ya mataruma, vipande vya reli vilivyokatwa. Tulikuwa pia na kikombe cha bati, blanketi moja, kamba, na kibati chenye namba ambacho mpagazi alivalishwa shingoni. Vyote vilikuwa nakala, na watoto tuliwaambia hivyo mwanzoni kabisa. Mzee Salehe alisema hao watoto wanadanganywa vya kutosha bila msaada wetu.

Kanuni yake ilikuwa kwamba hakuna kusema neno la historia kabla mzigo haujabebwa. Tulifika shuleni, tukasalimiwa kwa ule wimbo mrefu wa "Shikamoo mwalimu", nikaita wanafunzi wakubwa wawili wawili. Mmoja na msaidizi walimtwika mwenzake, naye akatembea kutoka mlingoti wa bendera hadi chooni na kurudi, na yule yule aliyemtwika akamtua. Wadogo hatukuwatwika. Walilizunguka sanduku wakajaribu kuliinua kwa pamoja, likakataa. Baada ya hapo nilikaa kimya tu. Darasa ambalo kila siku hufokewa liulize maswali lilianza kuuliza lenyewe. Akikohoa je, anafanyaje? Akiumwa tumbo? Nani alimpa chakula? Mkewe alijuaje?

Yapo mambo madogo ambayo hayamo katika mwongozo wa idara. Kata ifanywe kwa kitambaa kilichochakaa, kitambaa kipya huteleza. Kikombe kioshwe kwa majivu kila jioni, maana kila mtoto atakiweka mdomoni hata ukimkataza. Usifundishe somo hili mwezi wa pili kabla watoto hawajala kitu. Mwezi wa pili huku uwanda wa kati ghala ni tupu, na mtoto atakayeanguka hataanguka kwa sababu ya historia. Na usimwachie mwalimu mkuu sanduku lilale ofisini kwake. Kuna shule moja tuliacha mizigo jioni tukarudi asubuhi, tukakuta wachelewaji wamepangwa foleni wanabebeshwa kama adhabu, na mwalimu mkuu anasimamia na fimbo. Nilimwambia, "Mwalimu, sasa wewe umekuwa nani katika somo hili?" Akacheka sana. Hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Tulifika hadi Kolo. Watoto wa kule walituuliza kama tumepotea njia, kwa sababu kila gari walilowahi kuona lilikuwa linapandisha kwenda kwenye michoro ya miambani na halikuwahi kusimama shuleni kwao. Binti mmoja alibeba mzigo hadi chooni na kurudi bila kuyumba, na alipotuliwa akasema kwao hubeba maji kila siku, tofauti ni kwamba maji huyapeleka nyumbani. Mzee Salehe alilirudia neno hilo njia nzima.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Madukani mjini vikajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau majina yake, na mitumba ikashuka kwa marobota, mimi mwenyewe nikavaa koti la mtu wa Ulaya. Lakini shuleni chaki zikaadimika, na wazazi wakaanza kuambiwa wachangie dawati, wachangie mlinzi, wachangie mtihani. Land Rover yetu ikakosa petroli, kisha ikakosa magurudumu, kisha ikawa nyumba ya kuku wa mlinzi. Tukaendelea kwa kudandia malori. Utingo mmoja alidai sanduku lilipe nauli kama abiria. Alipojaribu kuliinua, nikaona ana haki.

Ni kwa lori la namna hiyo nilifika katika kijiji kimoja upande wa Bahi. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, Mzee Salehe aliumwa miguu. Somo lilikuwa katikati nilipomwona bibi mmoja nyuma ya ua wa minyaa, ameshikiliwa na mwanamume wa makamo. Alimtazama binti aliyekuwa anarudi kutoka chooni na mzigo, akamtazama mwenzake akimtua. Kisha akaja moja kwa moja, akaketi chini kando ya sanduku, akaweka kiganja juu yake.

"Mbukwenyi, bibi," nikamsalimu kwa Kigogo changu cha kuombea maji.

"Mbukwa. Mwalimu, nani amewafundisha watoto kutuana hivi?"

"Mzee wangu wa kazini."

"Mgogo?"

"Mtu wa Kondoa."

"Ee. Na wao walibebeshwa."

Aliitwa Bibi Sechelela. Yule mwanamume alikuwa mwanawe, Yohana, mzee wa kanisa, mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti ndogo. Bibi alinieleza habari zake palepale, watoto wakisikiliza, na hakutoa mkono juu ya sanduku hata mara moja.

Alipokuwa mdogo, meno ya utoto ndiyo kwanza yanang'oka, askari wa jumbe walikuja nyumbani kwao na masanduku. Baba yake, Ndalu, alikuwa anakamua ng'ombe. Hawakumngoja amalize. Askari hawakutaka kugusa mzigo, wakamwamuru mkewe amtwike. "Mama yangu ndiye aliyemtwika," bibi akasema. "Baba akamwambia, umenitwika wewe, utanitua wewe. Akaenda na njia ile, akaishia penye kona. Hakurudi."

Baada ya vita ikafuata Mtunya, ile njaa ambayo wazee wa Ugogo wakiitaja huteremsha sauti. Ng'ombe walikuwa wameliwa na majeshi, nafaka imechukuliwa, na wenye nguvu za kulima ndio hao waliobebeshwa. Mama yake alinusurika kwa kuchemsha ngozi za kulalia. Walipokuja ndugu wa mumewe kutaka waweke matanga, alikataa. Alisema mtu aliye na mzigo kichwani hawekewi matanga. Hakunyoa nywele za ujane, hakuolewa tena, na mtu akikohoa njiani alitoka mlangoni kutazama. Akafa mzee, akiwa bado mke wa mtu.

"Kwetu mtoto hapewi jina la asiyezikwa," Yohana akaongeza. "Wamezaliwa wajukuu na vitukuu. Hakuna Ndalu."

Bibi akanitazama. "Nipe mzigo huu, mwanangu. Nimzike baba."

Nilitamani kusema ndiyo na kupanda lori. Lakini nilikuwa nimefundishwa na Mzee Salehe. "Bibi," nikasema, "sanduku hili halikuwa vitani. Amelitengeneza fundi pale Makole, juzi juzi tu. Baba yako hakuligusa."

Yohana akainamisha uso kwa aibu. Bibi hakuona aibu yoyote.

"Na uzito?"

"Uzito ni ule ule."

"Basi. Mbao hazikumuua baba." Akavuta pumzi, na nikasikia kifua chake kinavyokwaruza. "Mimi naumwa, mwalimu. Nikifa kabla hajatuliwa, nitamkuta huko bado amebeba. Mama hayupo. Wa kumtua nimebaki mimi."

Niliondoka na ahadi ambayo sikuwa na mamlaka ya kuitoa. Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya mkuu wetu wa kituo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa wakaguzi, na miaka ile kila mwenye kiti alikuwa anasikia kinayumba. Alinisikiliza mpaka mwisho akapangusa miwani.

"Mwalimu, mali ya serikali haizikwi."

"Ni nakala, Mkuu. Tutatengeneza nyingine."

"Kwa fungu lipi? Na wafadhili wanakuja kukagua vifaa. Andika maombi, tuyapeleke makao makuu Dar es Salaam."

"Yule mama ni mgonjwa."

"Wagonjwa ni wengi," akasema, na ninaamini alisema kwa huzuni. Mimi nilitoka nikiubamiza mlango, jambo ambalo lilinifuata katika faili langu kwa muda mrefu.

Mzee Salehe alikuwa karakana ananoa patasi. Nilimweleza huku nalia kwa hasira. Akaendelea kunoa mpaka nilipomaliza. Kisha akafungua kifuniko cha sanduku, akatazama ndani.

"Sanduku ni la serikali," akasema. "Hilo Mkuu amesema kweli. Lakini chuma nilikiokota mwenyewe, jua likiniwaka. Hakuna aliyenipa na hakuna aliyenishukuru. Lete gunia."

"Na masomo yetu, mzee?"

"Tutaokota kingine. Reli haiendi popote."

Mvua ambayo Dodoma huiomba mwaka mzima ilichagua wiki hiyo kunyesha. Lori letu lilinasa kwenye mbuga kabla ya Bahi, tukarudi. Tukaondoka tena, daraja likawa limechukuliwa. Tulipofika hatimaye, mimi, Mzee Salehe na gunia letu, Yohana alitupokea barabarani bila kutusalimu vizuri. Bibi hakuweza tena kusimama. Tangu juzi alikuwa haulizi chakula, alikuwa anauliza barabara.

Walikuwa wametayarisha ngozi ya ng'ombe, kama walivyofungwa wazee wa zamani walipozikwa. Tukamimina chuma ndani yake tukaifunga kwa kamba. Tukaubeba mzigo hadi ile kona ya njia ambako Ndalu aliishia. Yohana akaweka kata kichwani, akasita.

"Sasa mimi nani anitwike? Maana atakayenitwika ndiye itabidi anitue."

Mzee Salehe akamjibu kwa upole ambao sikuwahi kuusikia karakana. "Leo hutwikwi, ndugu yangu. Mwenye mzigo alitwikwa zamani na mkewe. Sisi tunakuinulia tu." Tukauinua pamoja.

Njia ilikuwa matope. Yohana alitembea mbele na sisi nyuma yake, na wanawake waliokuwa uani walipomwona anatokea penye kona na mzigo walisimama wote. Mlango wa tembe, nyumba ya udongo ya Kigogo, ni mfupi. Alipiga magoti ili apite, akaenda kwa magoti hadi kando ya kitanda cha mama yake. Mkwe wa bibi akamwinua mgonjwa akaketi. Ile mikono ya bibi ilikuwa kama vijiti vya kuwashia moto, lakini aliipitisha chini ya ngozi, akashika. Sisi tukasaidia kwa chini, asione. Akasema maneno machache ya Kigogo, ambayo Yohana alinitafsiria baadaye: "Baba, tua. Mama alichoka kungoja, nipo mimi. Tua." Mzigo ukashuka hadi sakafuni. Yohana, mzee wa kanisa, akalia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa. Mimi nililia pia, na Mzee Salehe akatoka nje kutafuta birika la udhu ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Walimzika Ndalu kando ya zizi. Mchungaji alifika amechelewa, akauliza asome nini juu ya chuma, kisha akasoma maneno yote ya maziko bila kupunguza. Bibi Sechelela alifariki wiki ile ile. Baba alitangulia kuzikwa, binti akafuata, kama inavyotakiwa.

Watu niliowasimulia habari hii wamekuwa wakiniambia ni nzuri. Mimi siioni uzuri wake. Ninaona mtoto aliyeishi mpaka uzeeni akingoja serikali moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, imwambie baba yake alifia wapi, na alichopata mwisho ni gunia la misumari ya reli kutoka kwa wafanyakazi wawili waliotoroka ofisini. Nilikasirika siku ile na hasira haijaisha. Nawaambia ili mjue kwamba kazi hii haikuniacha salama, na haitawaacha ninyi mkiifanya vizuri.

Chuma kingine hatukukipata. Tulikwenda relini na Mzee Salehe mara nyingi, tukakuta pamefagiwa kama uwanja wa harusi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamepita na mikokoteni, hata misumari iliyokuwa bado na kazi iling'olewa. Tukajaza mawe, yakavunja sanduku pembe. Tukajaza mchanga, ukavuja njiani, mtoto akawa anaondoka na mzigo mzito na kurudi na mwepesi, jambo ambalo hakuna mpagazi aliyewahi kulipata.

Halafu likaja punguzo la wafanyakazi, na jina la Mzee Salehe likawa la juu kabisa. Siku ya kuondoka nilimtwika kisanduku chake cha zana pale langoni, akaenda nacho stendi ya mabasi ya Kondoa. Alikataa nimsindikize. Alisema tutaonana, nitamtua nikija kwake kumsalimu. Niliahirisha kwa sababu ya kazi, kisha kwa sababu ya barabara, na habari za msiba wake zilinifikia ameshazikwa. Kila nikipanga vifaa vya somo nilikuwa namkumbuka anavyoondoka na kile kisanduku, hageuki nyuma, na moyo uliniuma.

Wafadhili walipokuja, walitupatia vifaa vipya. Mnavijua, ndivyo mnavyotumia. Sanduku la kijani la mbao nyepesi, ndani limejazwa sponji, pembeni lina mishikio. Mkuu alikuwa na sababu zake za kuvipokea na si zote zilikuwa mbaya. Mzazi mmoja wa Area D alikuja ofisini amefura, akasema halipi mchango ili mwanawe afundishwe ukuli, na shingo ya mtoto ni shingo. Basi watoto wakawa wanajitwika wenyewe kwa mkono mmoja, wanakimbia hadi chooni, wanalitupa chini na kucheka, na wageni wanapiga picha. Baadaye nikiwauliza kama wana maswali, huniuliza kama gari lililotuleta ni langu.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza, lile sanduku zito lipo stoo, nyuma ya rafu iliyoanguka, pembe moja imevunjika. Ni tupu. Uzito wake uko upande wa Bahi, kando ya zizi la Yohana. Tafuta chuma, mwanangu. Watwike wakubwa tu, wala usiwabebeshe kabla hawajala.

Muhula wangu wa mwisho niliomba safari moja, nikaenda katika shule ile ya upande wa Bahi. Minyaa ilikuwa imekua, walimu wote walikuwa wapya. Nilikuwa na sanduku la kijani. Watoto walicheka, wakakimbia nalo, wakalitupa, kama kawaida. Kisha mwalimu wa darasa akaita kutoka orodha yake: "Ndalu!"

Akasimama mtoto mdogo wa darasa la pili, kaptula inashikiliwa na kamba. Alipofika kwenye sanduku hakuliinua. Alinisogelea akainamisha kichwa. "Nitwike, mwalimu."

Nikamtwika. Wenzake wakaanza kumcheka, maana wao walijitwika wenyewe. Alitembea taratibu hadi chooni, mikono imeshika pande zote mbili, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Shusha basi, Ndalu, wenzako wanangoja," mwalimu wake akasema.

Hakushusha.

"Mbona jepesi hilo!" mmoja akapiga kelele.

"Kwetu mtu hajitui," mtoto akajibu, akiniangalia mimi. "Babu Yohana amesema. Anatuliwa."

Nikainama nikalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi kama debe tupu, lakini nililishikilia hapo hapo mpaka mwalimu wa darasa akanyoosha mikono yake kunisaidia. Nikamkatalia kwa kichwa.

"Tua, Ndalu," nikasema.

Akatua. Akasema asante, akafuta jasho ambalo hakuwa nalo, akarudi kwenye mstari.